Mzazi Kaambiwa Nini Hasa?

Barua ya shule hutambulika hata kabla haijakunjuliwa. Imetolewa nakala kwenye mashine iliyokaribia kuisha wino, ina muhuri wa mwalimu mkuu pembeni, na inaanza kwa herufi kubwa: "YAH: MWITO WA KIKAO CHA WAZAZI." Chini yake huja maneno ambayo kila aliyesoma Tanzania ameyazoea: "Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu." Kisha: "Kwa barua hii unajulishwa kuwa uongozi wa shule kwa kushirikiana na kamati ya shule umeandaa kikao kwa lengo la kujadili masuala mbalimbali ya maendeleo ya shule ikiwa ni pamoja na taaluma, nidhamu na lishe. Unatakiwa kuhudhuria bila kukosa. Nakutakia utekelezaji mwema."

Kisarufi, barua kama hii haina kosa. Lakini mama anayeipokea Chamwino au Bahi, mkoani Dodoma, katikati ya msimu wa palizi, jembe likiwa bado mkononi, haelewi anaitiwa nini. Je, mtoto wake ameharibu kitu? Atadaiwa hela? Asipofika kuna uamuzi utakaompita? Barua imemwamuru aje, ila haijampa sababu ya kuacha shamba.

Isitoshe, mara nyingi anayemsomea barua hiyo ni mtoto mwenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta kwamba nchini Tanzania takriban mtu mmoja kati ya kila watano wenye umri wa miaka 15 na kuendelea hajui kusoma na kuandika. Kwa hiyo kuna nyumba nyingi ambamo msomaji mkuu wa barua za shule ni mwanafunzi wa darasa la nne au la tano. Akikutana na neno "taaluma" analisoma bila kujua maana yake, na mama anaitikia. Na barua ikiwa inahusu utoro wake yeye msomaji, ni rahisi mno mistari miwili ikarukwa.

Kwa miaka mingi lawama ya hali hii imewaangukia wazazi. Husemwa kuwa hawana mwamko, hawafiki vikaoni, hawafuatilii. Wapo wazazi wa namna hiyo, hilo halikataliki. Lakini kabla ya kumhukumu mzazi, ni haki kwanza kuangalia aliambiwa nini, kwa maneno gani, kwa njia ipi, na saa ngapi. Kazi ya kueleweka ni ya anayetuma ujumbe. Shule haijamaliza kuwasiliana karatasi inapotoka ofisini. Inamaliza pale mzazi anapojua afanye nini, lini, na afanyeje akishindwa.

Dodoma ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu ndipo pande zote mbili zinapokutana. Ofisi za Wizara ya Elimu na za TAMISEMI, inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, zinakoandikwa nyaraka na miongozo inayotumwa kwa shule za serikali nchi nzima, ziko ndani ya jiji hilihili. Kwenye vilima vya Chimwaga, Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007 kinafundisha walimu watakaozitekeleza nyaraka hizo. Na ukishika barabara yoyote itokayo mjini, baada ya muda mfupi uko katika vijiji vya wakulima wa mtama, alizeti na zabibu, na wafugaji ambao kwa miezi kadhaa ya mwaka wanakuwa na ng'ombe mbali na nyumbani. Kutoka meza ya anayeandika waraka hadi kizingiti cha anayepaswa kuuelewa, umbali wa barabara si mkubwa.

Umbali wa maneno ni mkubwa. Ushahidi mzuri ni historia ya elimu bila ada.

Novemba 27, 2015, serikali ilitoa Waraka wa Elimu Namba 5, uliofuta ada na michango ya lazima kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Siku kumi na tatu baadaye ukatoka Waraka Namba 6 kueleza utekelezaji wake. Shule zikafunguliwa Januari 2016, watoto wakafurika madarasani, na hapo maswali yakaanza. Je, sare nayo ni bure? Daftari? Chakula cha mchana? Mlinzi wa shule alipwe na nani? Kila mmoja alikuwa na jibu lake. Wapo wazazi waliosikia neno "bure" wakaelewa kuwa hawadaiwi chochote tena, hata kalamu. Wapo walimu walioogopa kupokea hata debe la mahindi kwa ajili ya uji. Ikabidi Mei 25, 2016 utoke Waraka Namba 3, ukitaja jukumu la kila mhusika: serikali ifanye nini, kamati ya shule ifanye nini, mzazi afanye nini. Humo ndimo ilimoandikwa waziwazi kuwa sare, madaftari, kalamu, matibabu, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vinabaki kwa mzazi.

Nyaraka tatu ndani ya miezi sita kwa jambo moja. Nia ya serikali ilikuwa njema na wengi walinufaika, lakini mzazi wa kawaida hakuwahi kuushika hata mmoja kati ya nyaraka hizo. Alisikia tangazo la redio, akasikia hotuba mkutanoni, akasikia jirani. Januari 2018 Rais John Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, mkanganyiko ukarudi upya, hasa kwenye chakula. Katika Kanda ya Kati, yenye msimu mmoja tu wa mvua na ukame wa mara kwa mara, chakula cha shuleni si jambo dogo: mtoto anayetembea kilomita kadhaa asubuhi bila kula hasikii kinachofundishwa saa sita mchana. Kama kungekuwa na karatasi moja tu yenye safu mbili, "Hulipii" na "Hiki ni juu yako", ikabandikwa kwenye kila ofisi ya kijiji na kusomwa kwa sauti katika kila mkutano wa hadhara, ugomvi mwingi kati ya walimu na wazazi usingetokea.

Waraka mwingine wa namna hiyo ni Namba 2 wa mwaka 2021, unaoruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, kurudi katika shule za kawaida. Huu unagusa maisha ya binti mmojammoja. Binti aliyeko nyumbani na mtoto mgongoni hatausoma ofisini kwa Afisa Elimu Kata. Ama mtu atamfuata na kumwambia kwa maneno mepesi aende kwa nani na abebe nini, ama fursa hiyo kwake haipo.

Kuna suala la lugha pia, nalo lina uzito wa pekee katika Kanda ya Kati. Eneo la Kondoa na Chemba ni la ajabu kwa wanaisimu duniani: ndani ya mwendo wa siku moja au mbili unakutana na Kirangi na Kigogo, ambazo ni lugha za Kibantu, Kiburunge na Kialagwa za jamii ya Kikushi, Kimasai na Kidatoga za jamii ya Kiniloti, na Kisandawe chenye vidoko, kisichofanana na lugha yoyote ya majirani zake. Ukielekea Singida unaongeza Kinyaturu na Kinyiramba. Kiswahili kinawaunganisha wote hawa, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini Kiswahili cha sokoni Kibaigwa au cha mnadani Msalato hakifanani na Kiswahili cha barua ya ofisi. Bibi anayelea wajukuu wanne anaweza kupatana bei ya mbuzi kwa Kiswahili bila shida, halafu akapotea kabisa mbele ya sentensi yenye "utekelezaji", "uwajibikaji" na "ufanisi" ndani ya mstari mmoja. Mwalimu mwenye busara katika vijiji hivi humtafuta mzee au mama anayeheshimika, akamwomba arudie mambo makuu kwa lugha ya nyumbani kabla kikao hakijafungwa. Hilo linachukua dakika kumi, na watu huanza kuuliza maswali ambayo wasingeyauliza kabisa.

Tanzania iliwahi kulijua somo hili vizuri sana. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa wiki kumi na mbili. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na inakadiriwa watu milioni mbili walishiriki. Utaratibu wake ulikuwa hivi: watu wanakusanyika kuzunguka redio, wanasikiliza kipindi, kisha kiongozi anasoma kijitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, wanajadili, halafu wanaamua kitu cha kufanya kabla ya kukutana tena, kwa mfano kuchimba choo au kufukia madimbwi. Sauti, maandishi, mazungumzo na uamuzi vilikwenda pamoja. Asiyejua kusoma hakubaki nyuma, na anayejua alikuwa na kijitabu cha kurejea. Katika miaka hiyohiyo madarasa ya kisomo yalishamiri, na idadi ya watu wazima wasiojua kusoma ikashuka kutoka takriban theluthi mbili mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi asilimia 39 mwaka 1975. Ingefaa walimu wanafunzi wa leo wafundishwe kampeni hiyo kama mfano wa kazi, maana mbinu zake hazijachakaa hata kidogo.

Je, kumpa mzazi taarifa kunabadilisha chochote kweli? Swali hili limechunguzwa, na majibu yake yanafundisha kwa sababu hayafanani.

Nchini Uganda, watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ya shule za msingi ya mwaka 1991 hadi 1995, wakakuta kwamba kwa wastani katika kila shilingi mia zilizotolewa na serikali kuu ni shilingi 13 tu zilizofika shuleni. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi kilichopokelewa. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya shilingi 80 katika kila mia zilikuwa zinafika. Wachambuzi wengine wamesema mageuzi mengine ya wakati huo yalichangia, na huenda ni kweli, lakini ni vigumu kukataa kwamba walimu na wazazi waliojua kiasi walichotumiwa walikuwa na nguvu ya kuuliza.

Kenya ilitoa jibu jingine. Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walichunguza wazazi wa vijijini waliopewa matokeo ya majaribio ya kusoma na hesabu ya watoto wao kupitia kazi ya Uwezo, mpango unaopima watoto stadi hizo, pamoja na maelezo ya namna ya kuwasaidia. Baadaye hapakuonekana tofauti yoyote ya maana kati yao na wazazi ambao hawakupewa. Ufafanuzi wa watafiti hao unastahili kubandikwa kwenye ofisi ya kila mwalimu mkuu: ili taarifa imsukume mtu, lazima aielewe, iwe mpya kwake, aone ni jambo la muhimu, aone ni jukumu lake, na ajue cha kufanya akiwa na uwezo wa kukifanya. Kamba hiyo ikikatika popote, taarifa inabaki karatasi.

Kisha kuna Msumbiji. Katika mkoa wa Manica, Damien de Walque na Christine Valente walifuatilia familia zenye mabinti wa darasa la sita na la saba. Baadhi ya wazazi waliahidiwa fedha kama binti akihudhuria vizuri. Wengine walipewa kadi tu, iliyorudi nyumbani kila wiki ikionyesha siku ambazo binti alikuwa shuleni na ambazo hakuwepo. Kadi hiyo peke yake, bila senti moja, iliongeza mahudhurio kwa karibu robo tatu ya kiasi kilicholetwa na fedha. Tofauti na Kenya inaonekana waziwazi. Kadi ya Manica ilimhusu mtoto mmoja anayejulikana, ilikuja kila wiki, ilihitaji macho zaidi kuliko elimu, na ilimpa mzazi kitu cha kufanya jioni ileile: kumwita binti na kumuuliza, "Jumatano ulikuwa wapi?"

Kadi kama hiyo inaweza kutengenezwa katika shule yoyote ya Kongwa au Mpwapwa kwa rula na kalamu. Visanduku vitano, alama ya vema au mkato. Mzazi asiyejua kusoma anaielewa.

Ripoti ya maendeleo ya mwanafunzi ina kazi kubwa zaidi ya kujieleza. Katika sekondari mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wazazi wengi hawaisomi. Na hata ikiandikwa kwa Kiswahili, hesabu zake zinapingana na akili ya kawaida. Kwenye mtihani wa kidato cha nne, pointi zikiwa chache ndiyo afadhali: mwenye pointi 7 hadi 17 yuko daraja la kwanza, mwenye 26 hadi 33 yuko daraja la nne, na 34 na 35 ni sifuri. Mzazi aliyekaa na hesabu za gunia na debe maisha yake yote atafurahi zaidi kumwona mwanawe na pointi 32 kuliko 12, na hatakuwa mjinga kwa kufikiri hivyo. Wakati huohuo, matokeo ya darasa la saba yanahesabiwa kinyume chake, kwa alama zinazopanda hadi 300. Juu ya hayo, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yalitolewa kwa mfumo wa wastani wa pointi, GPA, badala ya madaraja, halafu mwanzoni mwa 2016 madaraja yakarudishwa. Mstari mmoja chini ya ripoti ungetosha: "Pointi zikipungua, mtoto amefanya vizuri zaidi." Mstari wa pili ungesema mtoto yuko wapi leo na mzazi amsaidie vipi, hata kama msaada wenyewe ni kumwachia saa moja ya mwanga jioni.

Fedha nazo zinahitaji lugha yake. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, shule zimetakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo Sh 6,000 ndizo zinazotumwa shuleni, zilizobaki ni za vitabu. Shule yenye watoto 600 inapata basi Sh 3,600,000 kwa mwaka, yaani Sh 300,000 kwa mwezi. Mzazi akiambiwa hivyo, kisha akasomewa kuwa mwezi huu zimenunuliwa chaki, karatasi za mitihani na bati tatu, zikabaki Sh 20,000, anaelewa kwa nini mwalimu mkuu anaomba msaada wa kukarabati choo. Akiona jedwali lenye "bakaa ishia" na "kifungu", anapita njia yake, na minong'ono ya kwamba hela zinaliwa inaendelea.

Kuna kundi ambalo husahauliwa hata na shule zinazojitahidi. Buigiri, wilayani Chamwino, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam, ndipo Kanisa Anglikana lilipofungua mwaka 1950 shule ya Wilson Carlile, ya kwanza kwa wasioona katika Tanganyika. Tangu wakati huo vizazi vya watoto wamejifunza huko kusoma nukta nundu kwa ncha za vidole. Hebu fikiria barua ya likizo ya mtoto wa namna hii. Ikiandikwa kwa wino, mtoto hawezi kumsomea mama yake. Ikiandikwa kwa nukta nundu, mtoto anaisoma vizuri, ila mama na jirani hawaioni kuwa ni maandishi. Njia ya uhakika ni sauti: mwalimu apige simu, au mtoto aelezwe ujumbe wote mpaka aweze kuurudia bila kukosea. Kwa watoto wenye uoni hafifu, wakiwemo wengi wenye ualbino, dawa ni maandishi makubwa meusi kwenye karatasi nyeupe na kuwaketisha karibu na ubao, na hayo hayahitaji bajeti maalumu.

Kwa viziwi hali ni nyingine. Mtoto anajifunza Lugha ya Alama ya Tanzania shuleni na kurudi kwenye nyumba ambayo hakuna anayeijua. Na mzazi kiziwi anayekwenda kwenye kikao cha shule hukaa saa mbili akitazama midomo ikicheza, akanyoosha mkono wakati wa kupiga kura kwa kuwaiga wenzake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya kupata habari. Pale ambapo mkalimani hapatikani, ni wajibu wa shule angalau kuandika ubaoni kila hoja inapoanza na kila uamuzi unapofikiwa. Jambo hilohilo litawafaa pia waliochelewa, wazee wasiosikia vizuri, na kila aliyekaa nyuma ya umati chini ya mwembe.

Simu imerahisisha mengi na kuleta ubaguzi wake. Shule nyingi za mjini sasa zina kundi la WhatsApp kwa kila darasa, na taarifa zinapita humo kwa kasi. Lakini mwenye kiswaswadu hayumo. Hayumo pia aliyeishiwa bando, wala bibi ambaye simu yake iko kwa kijana anayechunga. Tangazo la maana likizama kati ya salamu za asubuhi na picha za mahafali, hata aliyemo halioni. Ujumbe mfupi wa kawaida ndio unaofika kwenye kila simu, nao una nafasi ya herufi 160, hivyo unamlazimisha mwandishi kuchagua. Barua ile ya mwanzo, yenye masuala yake mbalimbali ya maendeleo, inaweza kubaki hivi:

"Kikao cha wazazi wa darasa la 4: Jumamosi hii saa 3 asubuhi, shuleni. Tutaamua chakula cha mchana. Huwezi kuja? Tuma mtu au piga namba hii."

Siku imetajwa kwa jina, kwa sababu watu wengi hupanga wiki yao kwa siku ya mnada na ya ibada kuliko kwa tarehe. Saa imeandikwa kama inavyotamkwa, maana "09:00" imewahi kuwaleta wazazi shuleni saa tisa alasiri. Imesemwa kuwa kuna uamuzi, na uamuzi huo unahusu nini. Na asiyeweza kufika amefunguliwa mlango badala ya kutishwa. Baada ya kikao, ujumbe wa pili unasema kilichoamuliwa, ili aliyekosa asisikie kwa uvumi.

Watu wa kupeleka ujumbe wapo. Kila kitongoji kina mwenyekiti wake. Programu ya Shule Bora, inayofadhiliwa na Uingereza katika mikoa tisa ikiwemo Dodoma na Singida, imehimiza vikundi vya ushirikiano wa wazazi na walimu, UWaWa, ambamo wazazi wana wawakilishi wao. Mama mmoja anayejua nyumba za wenzake ishirini na kuzipitia akienda kisimani anafikisha habari kuliko barua mia. Ila naye anahitaji kuelezwa vizuri kabla hajatoka, na kurudisha majibu kwa mwalimu, pamoja na yale yasiyopendeza.

Hitaji la mawasiliano ya namna hii liko karibu kuliko shule nyingi zinavyodhani. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa 2025, inaweka elimu ya lazima ya miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, ukiwagusa pia watoto waliokuwa wakiingia darasa la tatu. Kwa mpango huo, watoto hao watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao kaka na dada zao waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Makundi yote mawili yanatarajiwa kuingia kidato cha kwanza Januari 2028, na huko watakuta mikondo miwili, wa jumla na wa amali, ambayo wazazi wengi bado hawajaelezwa tofauti yake.

Kwa kaya iliyokuwa na mtoto mmoja darasa la tatu na mwingine la nne mwaka 2024, maana yake ni sare mbili za sekondari, mabegi mawili na madaftari ya watoto wawili kwa mwezi mmoja. Wakulima wa alizeti huuza mavuno yao katikati ya mwaka, na fedha hiyo hupangiwa matumizi mapema. Habari ikiwafikia kabla ya mavuno ya 2027, wataweka akiba. Ikiwafikia Desemba kwenye fomu ya kujiunga, mmoja kati ya watoto hao wawili huenda akabaki nyumbani.